Mwanangu kanichora ndani ya kisanduku, shule imeingiwa na hofu

Shikamoo mama mshauri,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tano Ujerumani. Nilipoondoka nyumbani binti yangu (nitamwita Zawadi, si jina lake) alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Nilimwacha Muheza kwa mama yangu. Nilikuja kusomea kazi, nalala chumba kimoja, nisingeweza kuwa naye. Mume wangu alinifuata baada ya miaka miwili, sasa anafanya kazi kwenye ghala. Mwaka jana mwezi wa saba vibali vilikamilika tukamleta mtoto. Ana miaka 6 na yuko darasa la kwanza. Tunaye na mdogo wake wa kiume, miezi minane.

Wiki tatu zilizopita mwalimu aliwaambia wanafunzi wachore familia zao. Zawadi alichora watu kumi, wadogo wadogo, karibu wote wamejipanga chini kabisa ya karatasi kama walio kwenye foleni. Katikati yupo bibi yake, mwili mzima umejazwa michirizi na madoa meusi. Wanafuata binamu zake, mama mdogo, mjomba, na mbuzi wawili. Baba yake amesimama chini ya mti. Mimi niko kona ya juu, ndani ya kisanduku, kichwa na mabega tu, sina mikono. Mdogo wake hayupo. Yeye mwenyewe hayupo. Hakuna anayecheka, na wengine hawana hata midomo.

Mwanasaikolojia anayehudumia shule akatuita. Alikuwa mpole, sitasema uongo. Alituwekea karatasi mezani akatuonyesha kwa kalamu: mama amefungiwa mbali na wenzake, mama hana mikono, mtoto hakujichora, nyuso hazina furaha, na weusi ule mwingi mwilini kwa bibi pengine ni wasiwasi. Akasema huenda mtoto hana uhakika kama wazazi wake wanampenda, na anapendekeza afanyiwe tathmini kamili. Halafu akauliza kama nyumbani tunampiga.

Mama, uso uliniwaka. Sijampiga hata siku moja. Namfokea, hilo nakubali. Nikitoka zamu ya usiku na huyu mdogo analia, namfokea kwa vitu vidogo, kisha najuta. Lakini yale madoa meusi ni kanga! Ni kanga ya korosho niliyomnunulia mama kabla sijaondoka. Niliitambua pale pale, ila Kijerumani kilinikauka mdomoni.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza Zawadi kwa nini amechora vile. Akanijibu, "Mwalimu kasema tuchore kwetu." Basi, hakuongeza neno.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo bado linanisumbua. Nilichukua karatasi mpya nikakaa naye. Nikamwambia tuchore vizuri: mama katikati, mkubwa, mikono wazi, anacheka, na Zawadi kamshika mkono, na baba, na mdogo wake. Alichora kila nilichomwambia. Mwishoni akaniuliza, "Na bibi nimfute?" Nikashindwa kumjibu. Nikamwambia akalale.

Mume wangu hataki tathmini. Anasema hawa wanatafuta sababu ya kutunyang'anya mtoto, na wakiendelea kutusumbua tumrudishe Muheza mwezi wa kumi na mbili akakae na bibi yake. Mimi sijui. Nilikaa miaka mitatu na zaidi nikimlea kwa simu. Hata binamu zake, nikipiga walikuwa wakimwita, "Njoo, mama wa simu!" Siku tuliyomchukua tulimwambia tunakwenda Dar kutembea, asije akalia. Mama yangu alibaki ndani, hakutoka kutuaga.

Kikao kingine ni baada ya wiki mbili. Je, mchoro mmoja unaweza kujua kwamba mwanangu hanipendi? Nikubali tathmini au nikatae? Na ule mchoro wa pili niupeleke?

Mama Zawadi, Ujerumani

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana, leo nikairudia polepole. Umeniuliza maswali matatu, lakini kuna la nne ambalo hukuliandika: yule niliyemwacha ili nimtafutie maisha, amenirudia kweli? Sitajifanya naweza kulijibu kutoka hapa nilipo. Nitakaa nawe tu tuitazame ile karatasi, kwa sababu naona kila mtu ameshaisema isipokuwa aliyeichora.

Kwanza, mwanasaikolojia yule hakubuni. Alichowaonyesha kwa kalamu kimo kwenye vitabu vya fani yake. Mwaka 1926 Mmarekani Florence Goodenough alitoa kipimo cha akili kwa kumwambia mtoto achore mtu, kisha akahesabu alichokumbuka kukiweka: macho, vidole, nguo. Mwaka 1949 Karen Machover akavuka hapo, akasema mtu unayemchora ni nafsi yako mwenyewe. Mwaka 1968 Elizabeth Koppitz akaorodhesha alama 30 za kutazama, na humo yamo umbo dogo sana, mwili uliotiwa weusi, kukosa mdomo na kukosa mikono. Miaka miwili baadaye Robert Burns na Harvard Kaufman wakaja na mchoro wa familia ambamo kila mtu anafanya jambo, na kwao mtu aliyezungushiwa mistari peke yake ni mtu aliyetengwa. Sasa unajua kisanduku chako kilisomwa kwa kitabu gani.

Lakini tangu mapema wapo waliotilia shaka usomaji huu. Mwaka 1967 Loren Chapman na mkewe Jean, Wamarekani, waliwapa wanafunzi wa chuo rundo la michoro ya watu, na kila mchoro umeandikiwa tatizo la aliyeuchora. Maandishi yale yalikuwa yamebandikwa ovyo, hayahusiani kabisa na michoro. Hata hivyo wanafunzi wale, ambao hawakuwa wamesomea kazi hii, "waligundua" kwamba mwenye kushuku watu huchora macho ya ajabu. Ni yale yale ambayo wataalamu wazoefu walisema wanayaona kazini kila siku. Jicho liliona lilichotarajia kuona. Nakuambia haya ili ukae kwenye kikao bila kutetemeka. Hayamfanyi mwanasaikolojia yule kuwa adui.

Kuna jambo jingine linalokuhusu zaidi, na limefanyiwa kazi huko huko uliko. Mwanasaikolojia Heidi Keller wa Chuo Kikuu cha Osnabrück na wenzake wamelinganisha michoro ya familia ya watoto wa tabaka la kati wa Kijerumani na ya watoto wa wakulima wa Kinso, yaani wa kabila la Nso, vijijini Kamerun, watoto wa rika la Zawadi. Wale wa Ujerumani huchora watu wakubwa, wanaocheka, mikono juu. Wale wa Kinso huchora watu wadogo, mikono imeshuka, nyuso zimetulia. Ukizipima karatasi hizo kwa alama zilizozoeleka za kusoma kama mtoto ameshikamana na wazazi wake kwa amani, watoto wa Kinso wanaonekana kama kundi zima la watoto wasio na amani. Kazi yao ya mwaka 2016 ililiuliza swali hilo waziwazi: alama hizi zinapima moyo wa mtoto, au zinapima mahali alipojifunzia kuchora na namna watu wa kwao wanavyomtazama mtu?

Hata hivyo Muheza si Kamerun. Sitaki utoke kwenye kitabu cha mwanasaikolojia uingie kwenye kitabu changu, useme "Waafrika huchora hivi, basi yamekwisha." Mwanao si Waafrika. Ni mtoto mmoja.

Turudi kwenye neno lake. Mwalimu alitaja familia. Zawadi akaligeuza kichwani likawa *kwetu*. Wewe na mimi tunajua kwetu ni nini. Si orodha ya baba, mama na watoto. Ni mahali, ni uwanja wenye mbuzi, mti, na bibi aliyejifunga kanga yake. Kama alichora kwetu, yaani Muheza, hebu ipitie tena karatasi. Bibi yupo katikati, na ndipo alipokuwa. Mdogo wake hayupo, na hajawahi kufika Muheza. Baba kasimama chini ya mti, na kweli alibaki huko miaka miwili baada yako. Na wewe ulikuwepo Muheza namna gani? Ulikuwepo kichwa na mabega, ndani ya kioo cha simu. Umeandika mwenyewe walivyokuita, labda kalamu yako ilishaliona kabla yako.

Na yeye Zawadi hayupo kwenye karatasi. Kwetu kupo, yeye hayupo tena kwetu.

Niliposoma hivyo machozi yalinilenga, kisha nikajizuia. Maelezo yangu yanakaa vizuri mno, na ndiyo sababu ya kuyaogopa. Ya mwanasaikolojia nayo yalikaa vizuri. Sote wawili hatujamuuliza mtoto. Huenda kisanduku ni dirisha. Huenda ni runinga, au alikosea akazungushia mstari. Huenda alichoka kabla hajafika kujichora mwenyewe. Watoto huchoka, kengele hulia.

Lakini tuseme nimepatia nusu tu. Je, mwanasaikolojia atakuwa amekosea kabisa? Alisoma alama vibaya, na bado huenda amemwona mtoto mwenye huzuni. Nakuomba, mwanangu, usiitumie kanga kama pazia. Tunaweza kusema "ni utamaduni wetu, bibi hulea," na ni kweli, bibi zetu wamelea vizazi. Lakini utamaduni huo huo una kuaga. Una kuombewa dua mlangoni, una kuambiwa unakwenda wapi na utarudi lini. Zawadi aliambiwa anakwenda kutembea. Mtu aliyekwenda kutembea hungoja kurudi. Sijui kama bado anangoja, ila swali lake la usiku ule nimelisikia hivyo: bibi nimfute?

Sikulaumu. Mlimficha asilie, na mama yako alijificha ndani asilie. Kila mtu alikuwa anamlinda mwenzake na machozi. Naandika tu kwamba hilo lipo, na mchoro wowote utakaopimwa utapimwa juu yake.

Sasa kikao. Mume wako ana hofu, na hofu yake ina msingi wake: ni mgeni katika nchi ya watu, na mtu mwenye faili anamuuliza kama anampiga mwanawe. Muelezee kwamba tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, hivyo swali lile wazazi wengi huulizwa. Halikuwa lazima liwe tuhuma. Mkikataa tathmini, mnaweza kupumua kwa muda. Lakini kukataa bila maelezo nako husomwa kama mchoro, na mnaweza kuonekana mnaficha kitu ambacho hakipo. Tena mtapoteza nafasi ya mtoto kupata mtu wa kuzungumza naye, kama anamhitaji.

Mkikubali, hatari iko upande mwingine: vipimo vile vile, macho yale yale, na karatasi nyingine kwenye faili. Hapo ningeuliza, kwa upole na ikibidi kwa maandishi kabla ya siku yenyewe: mnapima kwa njia gani zaidi ya michoro? Mtamwona mtoto akicheza, akila, akiwa nyumbani? Mtazungumza naye kwa Kiswahili, na mkalimani atakuwa nani? Baba yake asiwe mkalimani, na wewe usiwe. Mtoto hasemi habari za mama yake kupitia kinywa cha mama yake. Na mtuandikie kwamba madoa yale ni kanga, na kwamba mtoto alilelewa na bibi miaka mitatu. Sijui kama walilijua hilo walipokuwa wanasoma karatasi. Barua yako haisemi kama uliwaambia.

Hapa nina kisa ninachokipenda, unaweza hata kumsimulia yule mwanasaikolojia. Elimu hii ya namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, ambayo kwayo alisema mwanao hana uhakika na upendo, mizizi yake mingine iko jirani na kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akaenda kwenye vijiji vya Waganda karibu na Kampala. Alifuatilia familia 26. Alikaa sebuleni kwa watu saa mbili hivi kila ziara, akarudi tena na tena kwa miezi, na msaidizi wake Katie Kibuka akimtafsiria, akitazama nani mtoto anamkimbilia akiogopa, nani akitoka analiliwa. Kitabu chake kikatoka 1967. Angeweza kuwakusanya watoto ofisini. Alichagua kuingia nyumbani na kukaa. Sioni ubaya kuomba mwanao naye atazamwe hivyo.

Kumrudisha Muheza. Hili limenipa taabu kuliko yote. Upande mmoja, huenda ndiko moyo wake uliko, na mama yako angempokea kwa mikono miwili. Upande wa pili, mtoto huyu alishaachana nawe mara moja, akaachana na bibi mara moja. Hii itakuwa ya tatu, na safari hii akiwa na akili ya kujiuliza kama amefukuzwa kwa sababu ya mchoro. Tena amrudie bibi mwenye umri gani, mwenye afya gani? Mmemuuliza yeye bibi? Kati ya kumrudisha na kumzuia kuna vitu vingine: kwenda likizo pamoja naye, akaaga vizuri safari hii, akajua tarehe ya kurudi. Nauli ni kubwa, najua, na wewe una mtoto mchanga. Pimeni wawili ninyi, si usiku mkiwa mmechoka.

Mchoro wa pili usiutupe, lakini fikiri sana kabla ya kuupeleka. Ukiuweka mezani utakuwa umewapa picha yako wewe ukidhani ni ya mtoto, na Zawadi atakuwa amejifunza kwamba mbele ya watu wa shule kuna watu wa kuchorwa na watu wa kufichwa. Ukiulizwa, unaweza kusema ukweli: niliogopa, nikamwelekeza. Mama aliyeogopa anaeleweka katika lugha yoyote.

Na kumfokea baada ya zamu ya usiku, usilipitishe haraka kama ulivyolipitisha kwenye barua. Zamu zinaweza kubadilishwa? Baba anaweza kumshika mdogo asubuhi? Naona hapo ndipo msaada unahitajika bila kungoja tathmini ya mtu.

Kabla ya kikao, tafuta saa moja yako na Zawadi peke yenu. Usimuulize "kwa nini sina mikono." Hilo ni shitaka, na atakujibu unachotaka kusikia, kama alivyochora unachotaka kuona. Iombe shule nakala ya karatasi ya kwanza, iweke kati yenu, umwambie, "Nihadithie hapa kwetu." Kisha nyamaza. Akianza na mbuzi, sikiliza habari za mbuzi mpaka ziishe. Akisema kisanduku ni jambo ambalo hatukulidhani, wewe, mimi na mwanasaikolojia tutakuwa tumejifunza. Akitaka kuchora tena siku nyingine, chora naye ya kwako pembeni, umchore bibi kama unavyomkumbuka.

Na lile swali lake bado halijajibiwa, mwanangu. Amekwenda kulala nalo wiki hizi zote. Jioni moja ambayo huna zamu, mpigieni bibi simu mkiwa mmekaa pamoja, na akiwa hewani mwambie Zawadi, bibi mwenyewe akisikia, kwamba hafutwi.

Niandikie baada ya kikao. Nitaingoja barua yako.